Refa anapopuliza: namna ya kuelewa maamuzi kwenye mechi za vijana Tanga

Kelele nyingi za pembeni mwa viwanja vya vijana zina chanzo kimoja: watu huyafanya maswali manne kuwa swali moja. Refa anapopuliza filimbi huamua kwanza kama kuna kosa. Likiwepo, huamua ni la adhabu gani. Kisha huangalia kama mkosaji anastahili kadi. Mwisho huamua mpira uanzwe vipi, na wapi. Kila swali lina kipimo chake, na jibu la moja halibebi jibu la jingine. Faulo inaweza kuwa faulo kweli na isiwe na kadi. Mchezaji anayempiga mwenzake kofi wakati mpira umeshatoka nje hutolewa kwa kadi nyekundu, lakini mpira unaanza kwa kurushwa, kama ilivyokuwa kabla ya kofi. Anayejua maswali haya yametengana hupoteza nusu ya hasira zake kabla hajafungua mdomo.

Mwongozo huu ni wa wazazi, walimu wa timu na manahodha wa vijana, wa timu za mitaa na wa shule zinazojiandaa kwa UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) na UMISSETA (ya sekondari).

Kabla mpira haujaanza

Sheria za soka ni 17, na zinaandikwa na IFAB, bodi ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1886. Zinazotumika Coastal Union wanapocheza Mkwakwani ndizo zinazotumika vijana wa Ngamiani wanapokutana na wa Chumbageni. Ila kwa soka la vijana sheria zenyewe zinaruhusu mambo machache yabadilishwe: ukubwa wa kiwanja na wa magoli, saizi ya mpira, urefu wa vipindi, idadi ya mabadiliko, ruhusa ya mchezaji aliyetoka kurudi tena, na adhabu ya kutolewa kwa muda. Kusukuma, kukwatua na kuvuta jezi hakumo kwenye orodha hiyo. Faulo ni faulo hata kwa mtoto wa miaka kumi.

Basi mwalimu wa timu amalize maswali yake kwenye kikao cha waandaaji, asiyalete kipindi cha pili. Kila kipindi ni dakika ngapi? Mpira ni namba 4 au 5? (Namba 4 una mzingo wa sentimita 63.5 hadi 66 na uzito wa gramu 350 hadi 390. Namba 5 ni sentimita 68 hadi 70 na gramu 410 hadi 450. Mtoto wa miaka kumi anayepewa namba 5 hawezi kuinua krosi, na kipa wake huumia viganja.) Aliyetoka anaruhusiwa kurudi? Kadi ya njano ina dakika za kukaa nje? Pakitumika kutolewa kwa muda, sheria inataka muda huo uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya mechi nzima. Wakitoka sare, wanakwenda penalti moja kwa moja? Na kwa watoto wadogo wanaocheza saba kwa saba, kuotea kunahesabiwa au hakuhesabiwi? Swali hili la mwisho lisipoulizwa, litakuja kuulizwa kwa ngumi.

Kuhusu mavazi, sheria ya 4 inamtaka mchezaji awe na jezi yenye mikono, bukta, soksi, vikinga ugoko na viatu. Mitaani watoto wengi bado hucheza peku na waandaaji hukubali. Wakikubali, ni busara wote wawe peku au wote wawe na viatu; njumu ikikanyaga mguu mtupu huumiza hata pasipo faulo. Mapambo yote ni marufuku: heleni, cheni, pete, bangili, hata ya mpira, kamba ya ngozi, na hirizi ya kufunga mkononi imo humo humo. Kuvifunika kwa plasta hakukubaliki. Refa anayemwambia mtoto avue hirizi hajamdharau mtu wala imani yake. Chochote kigumu mwilini kinaweza kumchana mwenzake.

Jambo la mwisho la kabla ya mechi ni kura ya kurusha shilingi. Tangu mwaka 2019, nahodha aliyeshinda kura anaweza kuchagua ama goli la kushambulia kipindi cha kwanza ama kuanza mpira. Kwenye viwanja vya wazi vya karibu na bahari, upepo wa kusi au wa kaskazi ukivuma alasiri, nahodha mwenye akili huangalia majani ya minazi kwanza ndipo ajibu.

Faulo: vipimo vitatu

Watu wengi husema "ameugusa mpira kwanza", kana kwamba neno hilo linafuta kila kitu. Halifuti. Refa haangalii tu nani aligusa nini kwanza; anaangalia namna mchezaji alivyoingia, na kwa hilo ana ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni kutokuwa makini: ameingia bila tahadhari, amemwangusha mwenzake. Adhabu ni mpira wa adhabu wa moja kwa moja, yaani unaoweza kufungwa bila mwingine kuugusa; kadi hakuna. Ngazi ya pili ni kutojali: ameona kabisa kuwa anaweza kumuumiza mwenzake, akaingia hivyo hivyo. Hapo ni faulo na kadi ya njano. Ngazi ya tatu ni nguvu kupita kiasi, au kuhatarisha usalama wa mwenzake: njumu zimeelekezwa juu, mguu umenyooka na umekaza goti, ameruka kwa miguu miwili. Hiyo ni nyekundu, hata kama mpira aliugusa kwanza na hata kama aliyeingiliwa amesimama salama.

Ukitaka kuona anachokiona refa, acha kutazama mpira kwa nukta moja, tazama mguu wa anayekwatua: uko chini au juu, umekunjwa au umenyooka, na kasi yake ni ya mtu anayeweza kujizuia au la. Kwenye uwanja wa mchanga vijana huteleza zaidi ya walivyokusudia, na kwenye tope la masika ndiyo kabisa. Refa mzuri huonya mapema, lakini sheria haina msamaha wa tope. Anayejua uwanja unateleza halafu akajitupa kwa kasi ile ile, amejipandisha ngazi mwenyewe.

Yapo makosa ambayo watu hawaguswi kabisa. Mtoto akiinua mguu usawa wa kichwa cha mwenzake anayetaka kupiga kichwa, huo ni mchezo wa hatari, na adhabu yake ni mpira usio wa moja kwa moja. Mguu ukimgusa, inageuka kuwa ya moja kwa moja, na ndani ya kumi na nane, yaani boksi la penalti, inakuwa penalti. Kumzibia mtu njia bila kumgusa ni usio wa moja kwa moja. Ukimgusa, ni wa moja kwa moja.

Mahali nako kuna kanuni yake. Mstari ni sehemu ya eneo linalozungukwa nao, kwa hiyo faulo juu ya mstari wa kumi na nane ni penalti. Beki akianza kumvuta jezi mshambuliaji nje ya boksi na akaendelea kumvuta hadi ndani, ni penalti pia. Viwanja vyetu vingi huchorwa kwa chokaa au majivu, na ikifika dakika ya thelathini mistari imeshafutika kwa miguu. Mwandaaji akiweka mifuko miwili ya chokaa pembeni, mistari ya boksi ipitiwe upya wakati wa mapumziko, atakuwa ameepusha ugomvi ambao hakuna refa awezaye kuutuliza kwa maneno.

Refa ameona, ila hajapuliza

Mikono miwili, au mmoja, ikinyooshwa mbele huku refa akikimbia: hiyo ni faida. Ameiona faulo, lakini timu iliyofanyiwa bado ina mpira mzuri kuliko adhabu yenyewe. Ana sekunde chache za kusubiri. Faida isipotokea anarudisha faulo. Ikitokea halafu mshambuliaji akapaisha mwenyewe, hairudishwi tena, kwa kuwa nafasi alishaipata.

Kadi haipotei kwa sababu ya faida. Refa anaweza kuitoa mpira ukisimama. Isipokuwa hii: kama kosa lilikuwa la kukatisha shambulizi zuri tu, na shambulizi limeendelea kwa faida, njano haitolewi, kwa kuwa hakuna kilichokatishwa.

Waambieni watoto sentensi moja na waishike: cheza mpaka usikie filimbi. Anayesimama na kunyoosha mikono akidai faulo ndiye anayeiharibu faida ya timu yake.

Kuunawa

Hapa ndipo pembeni panapochemka kuliko popote, na ndipo watu wengi bado wanahukumu kwa kanuni za zamani. Si kila mpira unaogusa mkono ni kosa.

Kwanza, mkono unaanzia wapi? Unaanzia usawa wa chini ya kwapa. Mpira ukigonga bega juu ya hapo, si mkono.

Pili, kosa liko kwenye hali tatu. Amekusudia, kwa mfano mkono umeufuata mpira. Au mkono umeufanya mwili uwe mkubwa isivyo kawaida, umetanuka au umeinuka mahali ambapo mwendo wake wa wakati ule hauuhitaji. Au amefunga goli moja kwa moja kwa mkono, au mara tu baada ya mpira kumgusa mkono, hata kwa bahati mbaya. Hali hii ya tatu inamhusu mfungaji mwenyewe tu. Mpira ukimgusa mwenzake mkononi kwa bahati mbaya, kisha mwingine akafunga, goli ni halali. Kanuni hiyo ilibadilishwa mwaka 2021, na bado watu wanaibishia.

Neno linalochanganya ni "isivyo kawaida". Linganisha mkono na mwendo. Mtoto anayekimbia, mikono yake hucheza mbele na nyuma. Anayeruka huinua viwiko. Anayeanguka huweka kiganja chini ajishikilie. Mikono hiyo imeelezwa na mwendo. Lakini beki aliyesimama mbele ya krosi mikono imetanda kama mtu anayezuia kuku wasitoke bandani, huyo hana mwendo unaoeleza mikono ile. Amejiongezea upana, na mpira ukigonga pale ni kosa hata kama hakuuona. Mtoto aliyekinga uso kwa kushtuka mpira uliopigwa hatua mbili mbele yake, refa ana nafasi ya kuamua kuwa mkono ule ulikuwa na sababu.

Adhabu ni mpira wa moja kwa moja, au penalti ikiwa ndani ya boksi. Njano haiji yenyewe tu. Huja kama ameunawa kukatisha shambulizi zuri, au amejaribu kufunga kwa mkono.

Kuotea

Hebu tuende taratibu hapa, maana sehemu hii inahitaji macho mawili kwa wakati mmoja na refa wa mechi za mtaani mara nyingi yuko peke yake. Washika vibendera wa kujitolea hupewa kazi ya kuonyesha mpira uliotoka tu. Kuotea anaamua yeye, akiwa anakimbia nyuma ya mchezo.

Mchezaji yuko mahali pa kuotea ikiwa kichwa, mwili au mguu wake wowote uko kwenye nusu ya wapinzani, na uko karibu na mstari wao wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Mikono haihesabiwi, ya kipa wala ya mchezaji. Akilingana sawasawa na mpinzani huyo, hajaotea. Akiwa nusu yake mwenyewe, hajaotea, na mstari wa kati si nusu ya wapinzani.

Watu husema "beki wa mwisho", lakini sheria haisemi beki. Inahesabu wapinzani wawili, na kipa ni mmoja wao akiwa nyuma. Kipa akitoka mbele kwenye kona, mpira ukarudishwa ndani na beki mmoja tu amebaki mstarini, mshambuliaji aliye karibu na goli kuliko kipa na mpira ameotea ingawa mtu yupo golini. Ni uamuzi sahihi, na pembeni hupigiwa kelele kila mara.

Wakati wa kupima ni ule mwenzake anapougusa mpira kwa pasi, si anapoupokea yeye. Chukua hesabu hii: winga anakimbia mita sita kwa sekunde kuelekea goli, beki anapanda mita tatu kwa sekunde kuelekea kati. Pasi ikikaa hewani sekunde moja, wawili waliokuwa sawa wameachana mita tisa. Anayetazama mpira tangu unapopigwa, kisha akageuza macho kwa winga, ataona mita tisa na kuapa kuwa ameotea. Aliyesimama nyuma ya goli naye hawezi kujua nani yuko mbele ya nani. Ukitaka kuhukumu kuotea, simama usawa wa mpinzani wa pili kutoka mwisho, usikie mguu ukigonga mpira huku macho yako yako kwenye mstari huo. Kama hukusimama hapo, huna ushahidi.

Halafu kuwa mahali pa kuotea peke yake si kosa. Kosa ni kushiriki: kuucheza mpira, kumziba kipa asione, kugombea mpira na mpinzani, kufanya jambo la wazi linalomzuia mpinzani kucheza, au kufaidika na mpira uliorudi kutoka mlingotini, kwa kipa au kwa beki aliyezuia shuti. Aliyeotea akisimama tu na mpira ukapita kwa mwingine aliye sawa, mchezo unaendelea. Ndiyo maana refa mwenye utulivu hukawia kupuliza, akisubiri aone nani ataugusa.

Beki akiugusa mpira, je, kuotea kumefutika? Inategemea. Akiucheza kwa makusudi, yaani alikuwa na muda na mwili umetulia, akataka kupasi, kuumiliki au kuuondoa, hata kama amekosea, mshambuliaji hana kosa. Mpira ukimgonga tu, au akiokoa shuti lililokuwa linaingia golini, kuotea kunabaki pale pale.

Hakuna kuotea kwa mpira uliopokewa moja kwa moja kutoka golikiki, mpira wa kurusha au kona. Adhabu ya kuotea ni mpira usio wa moja kwa moja, unapigwa pale kosa lilipotendeka.

Mshika kibendera aliyefundishwa huinua kibendera juu kwanza, refa akipuliza hukishusha kuonyesha mahali: kikielekea juu ni upande wa mbali, usawa ni katikati, chini ni upande wake.

Mkono wa refa uko juu

Refa akiacha mkono mmoja umeinuliwa wima, mpira huo si wa moja kwa moja. Atauacha juu mpaka mchezaji mwingine auguse au utoke nje. Ukiingia golini bila kuguswa na mwingine, si goli, ni golikiki. Nahodha awafundishe wenzake kutazama mkono kabla ya kupiga. Mabao mengi ya vijana hukataliwa kwa sababu hii tu.

Makosa mengi ya kipa yanaangukia hapa. Mwenzake akimrudishia mpira makusudi kwa mguu, asiudake. Akirushiwa mpira na mwenzake, asiudake. Kwa kichwa, kifua au goti anaruhusiwa, ilimradi si ujanja wa kuikwepa sheria. Beki aliyetaka kuondoa mpira ukamponyoka kuelekea kwa kipa hajarudisha makusudi. Kosa hili likitokea ndani ya eneo dogo la goli, mpira hupigwa juu ya mstari wa eneo hilo, mita 5.5 kutoka golini. Mabeki wanaruhusiwa kusimama juu ya mstari wa goli kati ya milingoti hata kama hawajafika mita 9.15 kutoka kwenye mpira. Sehemu nyingine zote lazima wawe mbali kiasi hicho.

Kanuni ya kipa kushika mpira imebadilika. Zamani ilikuwa sekunde sita, na adhabu ilikuwa mpira usio wa moja kwa moja, ambayo ni nadra kuiona ikitolewa. Tangu Julai 2025 ni sekunde nane, na adhabu ni kona. Refa huinua mkono na kuhesabu kwa vidole sekunde tano za mwisho. Mwalimu ambaye hajamwambia kipa wake jambo hili atashangaa timu yake ikipigiwa kona kipa akiwa amekumbatia mpira.

Penalti, na kadi inayokuja nayo

"Amemzuia akiwa peke yake na kipa, mbona njano?" Swali hili lina jibu lililo wazi. Refa kwanza hupima kama ilikuwa nafasi ya wazi ya goli kwa mambo manne: umbali hadi golini, mwelekeo wa mchezo, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na idadi ya mabeki na mahali walipo. Yote manne yakikubali na faulo ikawa nje ya boksi, ni nyekundu. Ikiwa ndani ya boksi na beki alikuwa anaugombea mpira kweli, ni penalti na njano, kwa sababu penalti imeshairudisha nafasi ya goli. Akiwa amevuta, amesukuma au ameshika, au hakuwa na njia yoyote ya kuufikia mpira, ni penalti na nyekundu.

Wakati wa kupiga, kipa awe na angalau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari wa goli, usawa wake au nyuma yake. Wengine wote wakae nje ya boksi, nyuma ya mpira, mita 9.15 kutoka alama ya penalti. Kipa akitoka mapema akadaka, inarudiwa. Mara ya kwanza anaonywa, akirudia anapata njano. Mpira ukiingia licha ya kosa lake, ni goli. Mpigaji akipaisha au akigonga mlingoti, hairudiwi isipokuwa kipa alimvuruga waziwazi.

Mambo ya viwanja vyetu

Mtambaa wa panya, yaani mti wa juu wa goli, ukivunjika, mechi inasimama mpaka urekebishwe. Ukishindikana, mechi inavunjwa. Kamba haikubaliki kuwa mbadala, hata watu wakiizoea vipi. Nyavu si lazima kisheria, lakini zifungeni: bila nyavu, shuti linalopita pembeni kidogo ya mlingoti huzaa mabishano yasiyoisha. Goli ni goli mpira mzima ukivuka mstari mzima. Mpira uliokaa juu ya mstari uko mchezoni, uwe mstari wa goli au wa pembeni.

Mpira wa mechi ya jirani ukiingia kiwanjani, au mbuzi, au mtoto, refa husimamisha kama tu unavuruga mchezo, kisha hudondosha mpira. Mtazamaji akipuliza filimbi na wachezaji wakasimama, ni hivyo hivyo. Anadondoshewa kipa ikiwa mpira ulikuwa ndani ya boksi lake mchezo uliposimama. Kwingineko anapewa mchezaji wa timu iliyokuwa na mpira au ambayo ilikuwa inaupata. Refa asipokuwa na hakika, hupewa timu iliyougusa mwisho. Wote wengine, wa timu zote mbili, wanakaa mita nne mbali.

Joto la Januari na Februari lisichukuliwe kwa mzaha. Kanuni za mashindano zinaweza kuweka mapumziko ya kunywa maji yasiyozidi dakika moja, au ya kupoza mwili ya sekunde 90 hadi dakika tatu. Muda huo huongezwa mwisho wa kipindi, kwa hiyo mzazi mwenye saa asishangae.

Timu ikibaki na wachezaji chini ya saba, mechi haiwezi kuendelea.

Kumuuliza refa

Mwenye nafasi ya kuuliza ni nahodha, na ni yeye peke yake anayemkaribia. Awe na kitambaa mkononi, asubiri mpira usimame, aulize jambo moja kwa sauti ya kawaida: "Samahani refa, adhabu hii ni ya moja kwa moja?" au "Naomba utufahamishe, kadi ni ya kosa gani?" Hayo ni maswali yenye majibu. "Refa, huoni?" si swali, na inaweza kumletea njano ya kubisha. Lugha ya matusi ni nyekundu. Tangu 2019 walimu na wote wa benchi nao huonyeshwa kadi. Asipojulikana aliyetukana, anayebeba ni mwalimu mkuu aliyepo.

Refa anaweza kubadilisha uamuzi akigundua kosa, ila kabla mpira haujaanzwa tena. Mpira ukishachezwa, hairudi. Mnapodai umbali wa ukuta mumwombe refa na msubiri filimbi. Mkipiga haraka wenyewe na beki aliye karibu akaukatiza mpira, mchezo unaendelea.

Wazazi wa pembeni wakumbuke kuwa marefa wengi wa mechi za watoto ni vijana wanaojifunza kazi. Anayetukanwa leo haji Jumamosi ijayo, na watoto wanabaki bila refa.

Yapo malalamiko ambayo si ya refa kabisa. Umri wa mchezaji, usajili wake, au mtu kucheza kwa jina la mwingine ni mambo ya kamati ya mashindano. Refa hawezi kumtoa kijana kwa kuwa ana ndevu. Mwalimu amwarifu nahodha, naye amweleze refa mpira ukiwa umesimama ili aandike kwenye ripoti yake. Baada ya mechi rufaa iandikwe, na iwe na namba ya jezi, jina lililo kwenye fomu, dakika, kanuni ya mashindano inayodaiwa kuvunjwa, na saini ya kiongozi wa timu. Ipelekwe kwa kamati pamoja na ada ndani ya muda uliowekwa kwenye kanuni. Ikichelewa, hutupwa bila kusomwa hata kama hoja ni ya kweli.